Vivuko Tulivyomtajia Mungu

Miaka ile ya vita, kanisani kwetu katika kambi ya wakimbizi ya Dzaleka tulikuwa na desturi ya kuwaombea ndugu ambao hawajafika. Hatukusema "walio safarini" tu. Tulimtajia Mungu mito, mabonde, hata nyumba ambamo mkimbizi hupewa muhogo na mahali pa kulala, kutoka milima ya Fizi tulikotoka hadi ziwani. Mdogo wangu na watoto wake walikuwa katika njia hiyo.

Akaja mwandishi wa safari za hatari, mgeni aliyejua Kiswahili cha pwani. Kazi yake ilikuwa kwenda kwa miguu mahali ambapo wengine hukimbia, kisha kuandika. Kucha za vidole vya miguu yake zilikuwa zimeng'oka, naye alizionyesha kwa furaha. Nilimpenda. Alikula nsima, ugali wa huku, kwangu, akaketi nasi ibadani.

Shemasi alinivuta kando. "Papa, ule mgeni wako iko nasali na kalamu?"

Nilicheka.

Siku chache baadaye nilimpelekea viazi mjini Lilongwe, mtaa wa Area 18, alikopanga chumba. Alinisomea kwa fahari alichoandika. Njia yetu yote ilikuwa mle, kivuko baada ya kivuko, hadi nyumba ya muhogo.

"Ndugu, toa hayo majina," nilimwambia. "Batu bangali banapita mule. Wenye bunduki wakiyapata, watawangojea."

"Lakini mzee, mliyataja mbele ya watu wote."

"Tulikuwa tunamwambia Mungu."

Uso ulimbadilika. "Nimeshatuma gazetini jana," alisema, akakimbilia simu ya mwenye nyumba. Alizungumza Kiingereza muda mrefu, akapandisha sauti, akasihi. Aliporudi hakuketi. "Wamesema watajaribu. Huenda imeshaanza kuchapwa."

Nilimshukuru, maana alijaribu.

Jumapili niliongoza maombi kwa kifupi: "Bwana, unawajua, na mahali walipo unapajua."

Mama mmoja, ambaye kijana wake alikuwa bado katika njia ile, alisimama. "Papa, njo nini hii? Mutoto wangu atapita wapi leo? Mbona haumutajie Mungu hata muto moja?"

Kulikuwa na wageni kwenye mabenchi ya nyuma, sikuweza kumweleza. Basi akaanza mwenyewe, kwa sauti kubwa, tangu mto wa kwanza. Wengine wakamfuata. Mke wangu naye alikuwa akimtaja mdogo wangu, akimvusha polepole. Nilisimama mbele yao, mikono juu, nisiweze kusema Amina.