Simu Chini ya Ungo

Harufu ya karatasi iliyonyeshewa ikakauka hunirudisha Matarawe, hapa Songea, barazani kwa bibi yangu. Nilikuwa darasa la tano, na atlasi yangu ilinuka hivyo. Siku ile mama mdogo Otilia alikuwa anapanda ndege kwenda Ujerumani kusomea uuguzi, na bibi alitaka kujua mwanawe angekaa angani muda gani. Nikanyoosha uzi wa kushonea kutoka Dar es Salaam hadi Frankfurt, nikaupima: karibu kilomita elfu saba. Mwalimu alitufundisha kwamba ndege kubwa hukata kama mia tisa kwa saa. Nikagawanya. Saa nane, nikamwambia bibi, labda zipungue kidogo. Akanitazama kana kwamba ndege naiendesha mimi.

Ndege ilipangwa kuruka saa nne asubuhi. Tulikaa tukipukuchua mahindi, na kila mara bibi aliuliza amefika wapi, nami nikachungulia atlasi: yuko Kenya, bibi, sasa yuko Sudan. Saa saba mchana simu ya bibi ikalia, nikaipokea kwa spika.

"Nimefika, mama," ilisema sauti ya Otilia. "Nimefika salama. Huku baridi."

Ikakatika. Bibi alianza kumshukuru Mungu, kisha akaona uso wangu.

"Hajafika, bibi," nikasema. "Bado yuko juu ya jangwa."

Jua lilikuwa la utosini. Kuku walilala kivulini, na hakuna jani lililotikisika. Bibi akauliza polepole, "Sasa aliyeongea ni nani?"

Nikarudia hesabu mchangani kwa kijiti. Ikatoka ile ile. Sauti ilikuwa yake, lakini nyuma yake hapakuwa na watu wala magari. Alisikika kama anayeongea ndani ya mtungi. Simu ikalia tena, jina lake likiwaka. Bibi akaifunika kwa ungo, akashika rozari. Ililia humo chini, ungo ukitetemeka, ikanyamaza, ikalia tena. Hatukuipokea.

Baadaye bibi alipojaribu namba ile, haikupatikana. Miezi mitatu ikapita. Wakati mwingine nilimkuta akiongea taratibu na mlango uliokuwa wazi, pasipo mtu.

Jumamosi moja mchana Otilia alisimama uani na begi lake, amekonda. "Shikamoo, mama." Bibi hakuitika. Alimwambia asogee juani, akatazama kivuli chake, akatazama miguu yake, ndipo akamshika uso kwa mikono miwili, akalia.

Nilikuwa mtu mzima, na bibi ameshafariki, Otilia aliponieleza akishona kwa cherehani. Wakala alimpa tiketi ya uongo. Uwanjani jina lake halikuwemo, akajifungia chooni na kupiga simu haraka kabla ujasiri haujamwishia, bila kufikiria saa. Alipopiga tena alitaka kusema kweli, aombe kurudi nyumbani. Tulipokosa kupokea, alidhani tumeshajua na tumemkataa, akazima simu na kubaki Dar es Salaam miezi ile mitatu.

Nikamweleza habari za uzi na ungo. Utotoni nilijua ndege hufika baada ya saa ngapi. Sikujua kwamba aibu humfanya mtu aseme amefika, wala kwamba aliyekuwa akituita alikuwa hai, peke yake, akisubiri tuitike.

Otilia aliendelea kukanyaga cherehani yake.

"Hesabu yako ilikuwa sahihi," akasema.