Barua Haikulala Mezani kwa Mama Mhuri

Pale ofisini sasa wanasema Mama Mhuri alikuwa mzee, haoni vizuri, kompyuta zimempita kando. Uongo mtupu. Mimi ndiye fundi wa kompyuta wa chuo kile cha uuguzi, na nawaambia, hakuna aliyewaogopa matapeli wa barua pepe kama yeye.

Alikuwa karani wa masijala miaka ishirini na sita. Chumba chake kilikuwa mwisho wa korido: dirisha moja, makabati mawili ya chuma, na meza iliyofutwa mpaka rangi imetoka. Barua ikiingia, anaigonga mhuri wa "Imepokelewa", anaipa namba daftarini, na inajibiwa siku hiyohiyo. "Barua hailali mezani kwangu," alikuwa anasema. "Hata mume wangu alipofariki, nilijibu zilizokuwepo ndipo nikaenda msibani." Tulicheka, tukidhani anatania. Hakuwa anatania.

Barua pepe zilipokuja, hakubadilika. Alizichapa karatasini moja moja, akazigonga mhuri, akazipa namba. Printa yake ililia kutwa kama mashine ya kusaga.

Mwaka jana niliambiwa niwape wafanyakazi mafunzo ya nusu siku juu ya matapeli hao. Nikasimama mbele yao, kifua mbele. Angalieni anwani kamili ya mtumaji, si jina tu. Anayewaharakisha, mshukuni. Hakuna mtu wa ofisi hii atakayewaomba neno la siri. Na mkiwa na shaka, njooni mniulize. Wengine walikuwa wanachezea simu. Mama Mhuri peke yake ndiye aliyeandika kila kitu, kwa kalamu yake ya wino.

Na akaja kuuliza. Mungu wangu, alikuja! Kila siku, karatasi mkononi, miwani puani: "Fundi, mwanangu, niangalizie. Hii ni ya kweli?" Tangazo la kikao, hii ni ya kweli? Barua ya mzazi, hii ni ya kweli? Zote zilikuwa za kweli. Nasema wazi, nilimchoka.

Siku moja akanikuta kantini, nimekaa na wahasibu. Akatoa karatasi. Zilikuwa ni pongezi tu za mkuu wa chuo kwa wafanyakazi wote. Nikapaza sauti ili wenzangu wasikie: "Mama, kesho utaniletea na cheti chako cha kuzaliwa, nikuangalizie kama ulizaliwa kweli?" Meza nzima ikavunjika mbavu. Naye alicheka kidogo, akaikunja karatasi mara nne. "Haya baba," akasema, "kula chakula chako kisipoe."

Hakuja tena. Na mimi, kwa upumbavu wangu, nilishukuru.

Wiki ya tatu ikaingia barua yenye nembo yetu na jina la mkuu wa chuo: sanduku la barua pepe la masijala litafungwa saa sita mchana, bonyeza hapa uthibitishe neno lako la siri. Ilikuwa na kila alama niliyowafundisha. Haraka ipo, neno la siri linaombwa, na anwani iliyokuwa nyuma ya jina lile ilikuwa ya watu baki kabisa. Lakini yeye alisoma karatasini, na printa ilikuwa inatoa jina tu, anwani haitoki. Hilo nililijua tangu zamani. Niliona uvivu kulirekebisha kwa ajili ya bibi mmoja.

Baadaye nililifungua daftari lake. Barua ile imepewa namba, na pembeni ameandika kwa penseli, "Aulizwe fundi." Kisha ameyakata maneno hayo kwa mstari. Akabonyeza pale, akaijibu kwa neno lake la siri kabla ya saa sita.

Matapeli wakaingia kwenye sanduku lake, wakawakuta humo waombaji wote wa nafasi za masomo. Jumatatu iliyofuata, getini kulikuwa na vijana arobaini na wawili, na masanduku yao na magodoro. Kila mmoja ana barua ya kuitwa chuoni yenye jina la Mama Mhuri, na ada ameshaituma kwa namba ya simu isiyo yetu. Baba mmoja aliuza cherehani zake zote mbili. Mama Mhuri alitoka na daftari, akawa anapekua, anapekua. "Sikuwaandikia, wanangu. Barua yangu lazima iwe humu." Mama mmoja akamtemea mate miguuni.

Kwenye kikao cha nidhamu niliulizwa kama mafunzo yalitolewa. Nikasema yalitolewa. Aliambiwa aulize akiwa na shaka? Nikasema aliambiwa. Habari ya kantini niliimeza.

Akamwaga unga, imebaki miezi minne astaafu.

Barua ya kumwachisha kazi ilipelekwa masijala kama barua nyingine yoyote. Aliigonga mhuri, akaipa namba. Halafu nikasikia viatu vyake koridoni, kwa mara ya kwanza tangu siku ile. Akasimama mlangoni kwangu, miwani puani, karatasi mkononi. Hakuwa na kejeli hata chembe. Heri angenikejeli.

"Fundi, mwanangu, samahani nakusumbua tena," akasema. "Niangalizie. Hii ni ya kweli?"