Pipa la bakteria wa shaba lililomuua mjomba wangu Milola

Wakuu, salaam. Naandika nilichokiona kwa macho yangu nyumbani Milola, mkoani Lindi. Atakayeona ni chai, kwamba nimetunga, apite tu.

Ilikuwa miaka ile soko huria limeshika kasi. Redio na TV za mitumba zilimwagika mpaka vijijini, zikifa zinatupwa.

Kaka yangu Hamisi alipunguzwa kazi mgodini huko Kanda ya Ziwa. Akarudi na dumu la maji ya njano ya mgodini. Akasema humo mna bakteria wanaotoa madini bila moto. Tulimcheka sana.

Jamaa hakuwa anatania. Alikatakata bodi za redio, akazitia kwenye pipa nyuma ya nyumba pamoja na yale maji. Bakteria akawalisha salfa, hii hii ya kupulizia mikorosho. Wakila salfa wanatoa asidi, na asidi inayeyusha shaba iliyomo kwenye bodi.

Sasa wale wadudu wanahitaji hewa. Kwa hiyo pipa lilifunikwa kitambaa tu.

Watu wa kusini mmeshaelewa. Msimu wa mabibo, pipa la namna hiyo ni uraka, pombe yetu ya mabibo. Na kwetu anayepita anaonja kwanza, hodi baadaye.

Mjomba Saidi, kaka yake mama, alipita magharibi, giza likiingia. Akachota kwa kikombe cha plastiki cha kijani, rangi ya kijani ya yale maji hakuiona, akagugumia kama kawaida yake.

Akaja barazani tulipokuwa tunakula, ameshika koo. "Hamisi, uraka gani huu unaunguza?"

Kaka aliruka kutoka kwenye ugali. "Mjomba, ile si pombe!"

Alitapika kijani. Tukamkimbiza Lindi mjini, figo zikagoma, akafariki.

Msibani watu wakaanza kunong'ona eti mzee kafa kwa ulevi. Niliumia mno.

Mama akasimama katikati ya wanawake. "Kaka yangu hakuuawa na pombe. Kauawa na pipa la mwanangu."

Hamisi aliondoka baada ya arobaini, hajarudi.

Na process ilifanya kazi, wakuu! Kabla hajaondoka alitumbukiza misumari kwenye yale maji, shaba ikaganda juu yake. Akaikwangua, ikajaa kile kikombe cha kijani.

Nilichojifunza: ukichachusha kitu nyumbani, waambie wote wanaopita hapo, hata wakucheke.

Kikombe kiko sandukuni kwa mama. Hataki shaba iuzwe, hataki itupwe. Amezeeka sasa, na sanduku ataniachia mimi.

Ingekuwa nyie, hiyo shaba mngeifanyia nini?