Murembe Mdogo na Picha ya Mvua

Nikisikia harufu ya tope linaloanza kukauka, narudi Silanga, ile sehemu ya Kibera iliyo kando ya bwawa. Kila Januari maji yalirudi nyuma na kuacha ukingo mweusi ulionuka samaki, sukuma iliyooza na vumbi la makaa kutoka kwa akina mama waliouza pale juu. Baba alinituma huko na kopo tupu, nibandue yale majani mororo ya kijani yanayotanda juu ya mawe yenye unyevu. Aliyataka mazima, yasiyo na mchanga, ayatandaze kwenye chungu cha mti wake. Watoto wenzangu walinicheka. Waliniuliza kama kwetu tumeanza kupika mawe, nami niliwatukana vizuri na kuendelea na kazi yangu, kwa sababu nilijua nyumbani kuna kitu ambacho hakuna mwingine Kibera nzima alikuwa nacho.

Kilikuwa mti wa murembe, ulionizidi umri, na bado haukuwa mrefu kupita goti langu. Baba alikata kijiti chake kwenye mpaka wa shamba la babu, huko Magharibi mwa Kenya, akakileta Nairobi wakati alipokuwa akitunza bustani ya familia ya Wajapani, juu kidogo ya Kawangware. Mama wa nyumba ile, tuliyemwita Mama Yumi kwa jina la bintiye, alimfundisha kuukuza mti ukabaki mdogo: kupunguza mizizi, kufunga matawi kwa waya, kungoja. Familia ile iliporudi kwao, Mama Yumi alimwachia Baba chungu cha bapa na picha ndefu ya kutundika ukutani, ya karatasi iliyobandikwa juu ya kitambaa, ambayo ukimaliza kuitazama unaizungusha kwenye kijiti chake cha chini na kuifunga kwa utepe. Picha yenyewe ilikuwa mistari michache ya wino mweusi: mvua inayokuja kutoka mbali, na chini yake nafasi tupu.

Murembe hudondosha majani yote wakati wa kiangazi, halafu huchanua maua mekundu juu ya matawi makavu. Maua yalipofunguka, Baba alifagia pembe moja ya chumba chetu, akahamisha jiko, akapigilia msumari na kutundika picha. Mimi ndimi niliyeuweka mti. Hakuruhusu uwekwe katikati wala mbele ya picha. Ulikaa pembeni, tawi lake refu likielekea kwenye ile nafasi tupu, na upande wa pili niliweka jiwe moja la bwawani. "Mti uko kwa kiangazi," aliniambia, "picha iko kwa mvua. Usiwafunge pamoja, waache waongee." Majirani walikuja na vikombe vyao vya chai, wakakaa kitandani na kutazama. Mmoja aliuliza, "Sasa huu mti, Baba Nekesa, umeunyima chakula ama?" Baba alicheka hadi mabega yakatikisika. Siku hizo chumba chetu cha mabati kilikuwa kizuri kuliko nyumba yoyote niliyoingia baadaye.

Aliyetuharibia ni Wafula. Alitoka kijiji kimoja na Baba, aliuza miche na maua kando ya barabara Kawangware, na kwetu alikula kama mtu wa nyumbani. Baba alipougua kifua, na mvua zikaanza kupenya paa letu, Wafula alikuja na uso wa huruma. Alisema mti utaoza na picha itashika maji, afadhali avihifadhi kwake hadi mzee apone. Mama alimfungia picha kwenye leso yake nzuri. Mvua ziliisha, Baba akaweza kukaa nje juani, na Wafula hakuonekana. Mama alipomfuata Kawangware, alijibiwa mbele ya wateja: "Mti gani, Mama Nekesa? Huu ni wangu. Bwanako alikuwa ananishikia tu." Mama alirudi kwa miguu, akaketi mlangoni na viatu vyake mkononi. Baba aliacha kula. Nilimchukia Wafula siku hiyo kwa chuki iliyokamilika, na sijaipunguza.

Januari iliyofuata tukasikia kwamba ukumbi wa kanisa moja Kawangware utakuwa na maonyesho ya maua, na bwana mmoja mwenye hoteli atakuja kutafuta mtu wa kumpambia ukumbi wake. Wafula alikuwa ametangaza kila mahali kwamba ataleta mti wake wa Kijapani. Niliomba kwenda na Kukhu Anyona, bibi jirani yetu aliyekuwa akiimba katika kwaya ya kanisa hilo. Kwa Baba sikusema ninachokwenda kufanya.

Tulimkuta Wafula akitoka jasho. Alikuwa ameuweka mti katikati kabisa, mbele ya picha, mvua yote imefichwa nyuma ya maua, na pembeni ameongeza chupa ya maua ya plastiki. Nilitabasamu na kumwambia, "Anko, wacha nikusaidie." Alifurahi, mjinga yule. Nilitoa plastiki. Nilipandisha picha hadi nafasi tupu ikawa mkabala na tawi refu, nikasogeza mti pembeni, nikatandaza majani ya kijani niliyokuwa nimeyabeba kutoka bwawani, nikaweka jiwe. Sijawahi kupanga vizuri kama siku ile. Nilitaka kila mtu aje, asimame, atazame. Nikamwona Wafula akiushika mti kwa chungu tu, mikono miwili chini, shina akiliepuka, ndipo nikajua kwamba yeye pia anakumbuka.

Maana kwetu Magharibi murembe si mti wa mapambo. Watu wakigombania shamba au mfugo, anayedai hupelekwa kwenye murembe, aushike na kuapa. Akiapa uongo, nyumba yake huanza kuugua na kufa mmoja baada ya mwingine. Wafula angeweza kuiba waridi, angeweza kuiba mti wowote Nairobi hii, akaapa juu yake hadi jioni. Tamaa ilimfanya aibe ule mmoja tu asioweza kuuapia.

Mwenye hoteli alipofika na kuuliza ni nani aliyeulea mti, Wafula alisema ni yeye. Nikapaza sauti. "Anko Wafula, ushike murembe useme hivyo." Nusu ya watu mle ukumbini walikuwa wa kwetu, na kelele zikakatika. Pasta alianza, "Mtoto, hapa ni kanisani, hayo mambo ya zamani…" Kukhu Anyona akamkatiza. "Pasta, ngoja kidogo. Wafula, mti si ni wako? Unaogopa nini?" Wafula alicheka, akatazama huku na huku, akanyoosha mkono. Uliufikia ukingo wa chungu ukasimama pale, vidole karibu na shina. Mkewe alikuwa kwenye benchi la mbele na mtoto mchanga mgongoni. "Baba Simiyu, usishike!" alipiga kelele. Wafula aliutia mkono mfukoni, akatoka nje bila kofia yake.

Kukhu aliubeba mti kichwani hadi Silanga, mimi na picha kwapani. Baba alilishika shina muda mrefu, akauliza, "Kwa hivyo hakuapa?" Nikamjibu, "Alishindwa." Usiku huo alikula ugali wake wote. Na kwa sababu sikuwa nimetosheka, niliwafundisha watoto wa Kawangware kumpigia Wafula kelele kila anapopita: "Shika mti!" Waliolelewa mtaa ule wanamwita hivyo hadi leo.

Baba hayupo tena, na lile bwawa limejaa majani hadi huwezi kuona maji. Nina duka la maua Kawangware, ng'ambo ya barabara kutoka mahali Wafula alipokuwa akiuza miche. Nililichagua kwa makusudi. Siku hizi naweza kununua chungu chochote nitakacho, na kuna vijana wanaojifunza bonsai, yaani kukuza miti midogo kama huu, kwenye simu zao, lakini kila Januari natundika picha ileile na kuupanga mti uleule dirishani, tawi refu likielekea kwenye mvua. Wafula sasa anatembea na mkongojo, na bado anavuka barabara asipite hapo. Watu wa kanisa huniambia nisamehe, mzee amechoka. Mwaka jana mjukuu wake alikuja, binti mpole mwenye mikono mizuri ya kazi, akaniomba nimfundishe. Nilimpa chai. Nikamwambia nitamfundisha yote niliyofundishwa na Baba, siku ile babu yake atakapomleta mwenyewe, aingie dukani, aweke mkono juu ya shina na kusema mti huu ni wa nani. Ukweli haumdhuru mtu kwenye murembe. Mzee hajaja. Maua yamefunguka tena wiki hii, na kiti chake nimekiweka karibu na dirisha.