Nilimfukuza Mgonjwa, Ndugu Yangu Akasikia

Mimi ni daktari wa meno hapa Thika, na kosa ni langu. Sitaki kutetewa na mtu yeyote. Wenzangu wanaoniambia kwamba hata wao wangefanya vile vile ndio wananikera kuliko wote.

Miaka hii ukimwi umetutia wazimu. Mimi kipimo changu kilikuwa macho. Mtu akiingia amenawiri, anacheka, namtibu na glavu zile zile nilizotoka kumtibia mwingine, nimezisuuza kwa sabuni tu. Akiingia amekonda, anaambiwa daktari ametoka. Na nilijiita msomi!

Siku moja akaja mama mmoja wa mtaa wa Landless, mfanyakazi wa kiwandani, shavu limevimba hadi jicho limefumba. Alipoketi aliniambia kwa upole kwamba ana virusi, akaona ni haki nijue mapema. Mama wa watu alikuwa anajaribu kunikinga mimi! Nilimwambia aondoke akafie kwao, na wagonjwa waliokuwa nje wakasikia kila neno. Kisha nikaamuru kiti kisuguliwe kwa klorini.

Jumapili iliyofuata kaka yangu mkubwa, Kamau, aliniita kwake Ruiru. Kamau ni muuza mbao, na ndiye aliyenisomesha baba yetu alipofariki. Shemeji alikuwa amepika mukimo na kuku. Nikaanza kuwasimulia kisa cha yule mama huku nikijisifu, nikicheka peke yangu kama mwehu. Nikasema mtu wa aina hiyo singemgusa hata angekuwa nani.

Kamau aliacha kula. Nikadhani ameshiba. Alikuwa mnene, mwenye sauti nzito na nguvu zake, basi macho yangu hodari yangeona nini?

Miezi ikapita, jino lake moja likatunga usaha. Hakuja kwangu. Ndugu yangu wa tumbo moja alikwenda mtaa wa mabanda wa Kiandutu kwa mtu anayeng'oa meno kwa koleo! Uvimbe ukashuka shingoni, akashindwa kumeza. Nilipopata habari, alikuwa amelazwa hospitalini na hawezi tena kusema.

Nilifika kitandani pake, nikanyoosha mkono nimshike. Shemeji akausukuma.

"Si ulisema huwezi gusa mtu kama huyu? Sasa unamgusa ya nini?"

Ndipo akaniambia kwamba Kamau alikuwa amejua hali yake tangu Krismasi, na kwamba mimi ndiye mtu wa kwanza ambaye yeye alitaka kumwambia.

"Ile Jumapili ndiyo alikuitia hiyo maneno," akasema. "Ndio maana nilichinja kuku."

Kamau alifariki kabla ya juma kuisha. Ukimwi haukumuua. Aliuawa na jino, jino ambalo ningeling'oa asubuhi moja na kumrudisha kwenye mbao zake!

Sasa ndio nimesoma nilichopaswa kusoma zamani: glavu mpya kwa kila mgonjwa, vifaa vitakaswe kwa mvuke kila mara, awe mnene awe mwembamba. Hakuna haja ya kumchagua mtu. Maarifa hayo yalikuwepo, ila nilikuwa mvivu na mwenye kiburi, na kwa uvivu wangu ningeweza kuwaambukiza hao hao wanene niliowachekea.

Nilimtafuta yule mama Landless. Majirani walisema alihama, wakanitazama vibaya, na walikuwa na haki.

Shemeji hanisalimii. Mtoto wao akiumwa jino, humpeleka Nairobi.

Wewe daktari unayeendelea kufukuza watu, nakuchukia kama ninavyojichukia. Unayemfukuza ni yule aliyekuamini akakuambia ukweli. Waliobaki wanasikia, wananyamaza, wanakwenda kwa mwenye koleo. Na hutajua kama ni ndugu yako hadi uitwe hospitalini.