Mpira Uliokuwa Wangu

Kocha wetu alikuwa mtu wa bara, na neno la kwanza alilotufundisha lilikuwa na kosa.

"Mpira ikiwa juu," alisema, "mwenye ako karibu ana-shout: Yangu! Wengine wote mnamtokea njia."

Tulicheka mpaka tukashika mbavu. Mpira ni wangu, si yangu. Hata mtoto wa chekechea pale Ukunda angemsahihisha. Alikasirika. Akasema hakuja pwani kufunzwa Kiswahili, alikuja kufundisha softiboli, na mpira ukianguka katikati ya watu wawili wanaotazamana hautauliza sarufi. Mwishowe tulipatana tuseme "Wangu!" Kwa miezi mitatu tulilipigia kelele neno hilo katika uwanja wa shule nyuma ya mji, jua la saa tisa likituchoma visogo, na wapita njia wakisimama kwenye ua kushangaa wanawake wazima wanaokimbizana na mpira.

Mashindano yalikuwa ya wanawake wa nchi sita. Yaliletwa kwetu kwa sababu Diani ina vitanda vya kuwalaza wageni, wala si kwa sababu kulikuwa na mtu aliyejua mchezo wenyewe. Wenyeji tulipewa nafasi ya timu moja, ya heshima tu, na kila mtu alijua tutafungwa. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na sita, natandika vitanda katika hoteli moja ya ufuoni, na nilikuwa na mbio. Nikawekwa uwanja wa nyuma, katikati. Kushoto kwangu alisimama somo yangu.

Lazima nieleze hapo, maana kila nilipowahi kuwasimulia watu wa bara kisa hiki walidhani nazungumzia masomo. Kwetu msichana akikaribia kuolewa hukabidhiwa mwanamke wa kumfunda. Huyo ndiye somo yake. Mimi ni mwari wake, mpaka mmoja wetu afe. Humwiti kwa jina. Humkatizi maneno, hukai kitini naye akakaa chini, humpokonyi kitu mkononi. Ndoa yangu mimi ilidumu miaka miwili ikavunjika, usomo haukuvunjika. Niliporudi nyumbani na sanduku langu yeye ndiye aliyekuja kunichukua, wala hakuniuliza nilifanya nini.

Alikuwa na miaka arubaini na moja. Utotoni kwao Majoreni alikuwa mpigaji wa raundasi, ule mchezo wa shuleni unaofanana na softiboli, mpira akiupiga unatafutwa vichakani hadi kengele ilie. Alipofika darasa la saba akachaguliwa kwenda kucheza na shule za mbali, na wiki hiyohiyo mama yake akamwachisha shule akaolewe. Hawakugombana. Hawakulizungumza kamwe, na nadhani hilo lilikuwa baya zaidi. Kisha mwaka huo, mama mtu akasikia kwamba binti yake atacheza na watu wa nje, akatuma salamu: Jumapili nitakuja kumtazama.

Somo yangu alinipa habari hizo tukiwa tunafunga viatu. "Mama anakuja," alisema. "Kunitazama mimi." Akafungua kamba ya kiatu alichokwisha kukifunga, akaanza upya. Sikuwahi kumwona akibabaika namna ile. Nilijua basi, wala nisijidai sikujua, kwamba Jumapili hiyo ilikuwa ndiyo kila kitu kwake.

Jumamosi tulicheza na Waganda. Sijui tulilishwa nini siku hiyo, lakini tulikuwa tunaongoza kwa pointi moja hadi zamu yao ya mwisho. Walibakisha mtu mmoja tu wa kutolewa; tukiudaka mpira wake, tumeshinda. Walikuwa na wakimbiaji wawili vituoni, na pembeni, chini ya mwavuli, walikaa wanawake wawili waliokuja kuteua wachezaji wa timu ya taifa, wakiandika majina katika daftari. Tangu asubuhi nilikuwa nawatupia jicho.

Mpigaji wao akaupata mpira vizuri, ukaruka juu sana, ukaja upande wetu. Ulikuwa unashuka kati yangu na somo yangu, lakini zaidi kwangu. Kanuni ya kocha ilikuwa wazi: wa katikati ndiye mwenye haki, aseme, wengine wapishe. Nilikimbia, glovu juu, na kwa pembe ya jicho nikamwona naye anakuja mbio, uso mbinguni, anacheka. Ndiyo, alikuwa anacheka.

Nikafungua kinywa niseme "Wangu!" Neno halikutoka. Miezi mitatu tulikuwa tukilisema mazoezini, lakini mazoezini tulikuwa tukipokezana zamu. Hatukuwahi kugombania mpira mmoja, mimi na yeye. Kumwambia somo yangu "wangu", kumfokea apishe, mbele ya watu! Kilichotoka ni kile ambacho hutoka siku zote nikitaka kupita mbele yake.

"Somo!"

Naye, kama alivyolelewa na kama alivyonilea mimi, alisimama papo hapo, akanigeukia, akaitika:

"Bee?"

Mpira ukaanguka nyasini katikati yetu. Ulikuwa karibu kiasi kwamba niliusikia. Tukabaki tunatazamana, mimi nikingoja ruhusa, yeye akingoja kuambiwa nimemwitia nini, na wakimbiaji wote wawili wa Waganda wakamaliza vituo wakishangilia. Tukawa tumefungwa. Nikisimulia leo watu hucheka. Nami huwaacha wacheke, kisha huwa na hasira nao siku nzima.

Kocha alitukusanya kando ya uwanja. Hakupiga kelele, na ingekuwa afadhali angepiga.

"Nani ali-distract mwenzake? Hiyo ball ilikuwa ya nani?"

Wale wanawake wawili wa daftari walikuwa wamesogea, wako hatua kumi kutoka kwetu, wanasikia kila neno. Nilihesabu moyoni nini kingetokea nikisema. Ulimi ulikuwa mzito, lakini sitausingizia ulimi. Niliogopa, na nilitaka jina langu libaki kwenye daftari lile.

"Ulikuwa wangu, mwalimu," akasema somo yangu. "Nimekosea mimi. Mtoto alinipisha, nami nikazubaa."

Alisema hivyo bila kunitazama. Kumsitiri mwari ni kazi ya somo; aibu yangu ni mzigo aliojitwika siku aliyopewa mkono wangu. Lakini aliisema upesi, ili nisipate nafasi ya kumkanusha, na mimi niliipokea upesi vilevile.

Kocha akakung'uta kofia yake pajani. "Mama, na heshima zote, kesho utapumzika. Kesho nataka vijana."

"Haya, mwalimu," akasema. Akaanza kuokota chupa za maji.

Nilimfuata hadi bombani. Nikamwambia somo, nisamehe, nitakwenda nimwambie sasa hivi. Akaendelea kuosha chupa. Akasema, "Ukisema sasa, nitakuwa nimesema uongo mbele ya watu. Niache na langu." Ningeweza kwenda hata hivyo. Najua. Ilikuwa hatua thelathini tu hadi pale aliposimama kocha, nami ndiye niliyekuwa na mbio.

Jumapili asubuhi aliniita nyuma ya chumba cha kubadilishia nguo. Alikuwa amevaa jezi kamili, na mkononi alikuwa na bendeji.

"Nifunge goti," alisema.

"Umeumia lini?"

"Sikuumia. Lakini mama yangu ameamka alfajiri kuja huku. Nimwambie nini, kwamba nimeonekana mzee?" Akanyoosha mguu. "Funga vizuri. Mama ana macho."

Nikapiga magoti nikamfunga. Hotelini tulifunzwa huduma ya kwanza, kwa hiyo mikono yangu ilijua la kufanya: nikazungusha juu na chini ya goti, nikabana ncha kwa pini. Goti lilikuwa zima, gumu, la mtu anayeweza kukimbia hata Msambweni. Nilitaka kulia nikaona sina haki hiyo.

Mechi yenyewe ilikuwa ya kugombea nafasi ya tano, na siikumbuki vizuri. Nilidaka mipira miwili. Mara zote mbili nililia "Wangu!" kwa sauti ya kupasua koo, na kulia hivyo kulikuwa rahisi sana, kwa sababu kushoto kwangu alisimama msichana wa kidato cha nne nisiyekuwa na deni lolote la adabu kwake. Tulifungwa. Majina ya timu ya taifa yalisomwa mwishoni kwa kipaza sauti. Langu halikuwamo.

Nilipokwenda nyuma ya benchi niliwakuta somo yangu na mama yake. Yule bibi alikuwa ameketi mkekani, amevaa leso mpya ambazo hazijapigwa maji hata mara moja, na mguu wa binti yake ameuweka mapajani. Alikuwa amechovya vidole katika mafuta ya nazi, anapapasa juu ya bendeji na pembeni yake.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Mwone mwenzio. Nimemwambia mwili huu si wa utoto." Akarudi kwenye goti, sauti ikashuka. "Nami nilikuja nikuone, mwanangu. Safari hii nilisema nitakuja nikuone."

Somo yangu akauma midomo. Akasema "aa, hapo, mama, hapo panauma," kama mtu anayeumwa kweli. Kisha machozi yakamtoka, mengi, hata hakuyafuta. Mama yake akadhani ni goti. Akasugua polepole zaidi, akisoma dua chini ya pumzi na kulipulizia goti zima.

Nilisimama hapo na glovu mkononi. Maneno yote nilikuwa nayo, na hakuna aliyenizuia.

Bibi akainua uso, akaigusa ile bendeji kwa kidole. "Nani aliyemfunga hivi?"

"Mimi, bibi."

"Mungu akubariki," akasema. "Umemtunza mwanangu."

Nikamjibu ahsante.