Spika za Nasuru hupimwa kwa vigelegele

Jua la Arua, kaskazini-magharibi mwa Uganda, limeshaanza kuchoma mabati, na ndani ya karakana ya Nasuru Kamisi wanawake wanaimba. Hawaonekani. Wamo ndani ya spika mbili ndefu za mbao, na ghafla wanapiga vigelegele.

Nasuru hazitazami spika. Anamtazama mteja usoni.

"Umefinya macho," anasema.

"Nani, mimi?"

"Wewe. Hizi hazikufai. Leo utazisifu, kesho utazizima."

Hiyo ndiyo mizani yake. Nasuru, mwenye umri wa miaka 41, hununua spika za nyumbani zilizotumika, zile za hali ya juu kutoka ng'ambo, huzifufua, kisha huziuza Arua na Koboko. Wenzake hujaribu spika kwa besi inayotikisa vikombe. Yeye huzijaribu kwa doluka, ngoma ya harusi ya Wanubi, iliyomlea tangu akiwa mgongoni mwa mama yake.

"Besi inadanganya watu," anasema. "Lakini vigelegele vya mama wa Kinubi iko kama wembe. Spika ikikosea pale, sikio inakatwa."

Spika kali, anaeleza, humteka mnunuzi mwanzoni. Kila kitu kinang'aa, kila toazi linametameta. Baada ya nyimbo chache masikio yanachoka, na mtu hajui kwa nini ameamua kwenda kukaa uani. Anafungua wavu na kuonyesha spika ndogo ya juu, ile ya sauti nyembamba. Baadhi zina kifuniko cha bati, nyingine cha kitambaa laini. Mara nyingi kitambaa ndicho kipole zaidi. "Lakini usinunue kitambaa," anaonya. "Nunua sauti."

Anayedhani kusikiliza muziki vizuri ni jambo la Kampala peke yake, aje akae kwenye benchi hili.

Hata hivyo, mizani hiyo iliwahi kumwangusha Nasuru. Chanzo kilikuwa magodoro.

Jirani yake, Théodore, mfanyabiashara kutoka Kongo, huuza magodoro. Duka lake ni dogo, kwa hiyo mengine ameyapanga ndani ya karakana ya Nasuru, mpaka darini. Nasuru alidhani anamsaidia jirani tu.

Mwaka jana akaja Hajati Kaltumu, muuguzi mstaafu wa Koboko. Sauti kali humpasua kichwa. Alitaka jambo moja tu: kumsikia dada yake, marehemu Zamzam, sebuleni kwake. Zamzam alikuwa mwimbaji wa doluka, na sauti yake ilibaki katika kaseti moja ambayo familia iliihamishia kwenye flashi. Kwenye simu, sauti hiyo ilimchoma Hajati hadi akaacha kuisikiliza.

Katika karakana alikataa jozi mbili. Ya tatu ilipoanza, alishika goti la Nasuru. "Huyo ni Zamzam," alisema. "Hata pumzi yake iko."

Nasuru akazifunga spika kwa mablanketi na kuzipeleka Koboko kwa pikapu. Sebuleni akaunganisha nyaya. Zamzam akaanza. Vigelegele vilipofika, Hajati alijiziba masikio kwa viganja vyote viwili.

"Zima! Wewe mtoto, umeniletea zingine!"

"Wallahi, Hajati, ni zile zile."

"Zile ziliimba. Hizi zinanigombeza!"

Nasuru alikagua nyaya. Akahamisha spika ya kulia kushoto. Hakuna kilichobadilika. "Nilitoka jasho kama mwizi," anakumbuka. "Si biashara tu. Yule mama alikuwa amempata dada yake, halafu mimi nimempokonya tena."

Latifah, mkaza mwana wa Hajati, akaleta chai. Alipoliweka sinia mezani, mlio wake ulizunguka chumba kizima. Nasuru akainua kichwa. Sakafu ilikuwa ya vigae vipya. Madirisha hayakuwa na mapazia. Kutani kulikuwa na misumari mitupu.

"Hapa kulikuwa na nini?" aliuliza.

"Mazulia, mapazia mazito, na tabaga za mama," Latifah alijibu. "Alisema mgeni anakuja, tuondoe vitu vya kizee."

Mgeni mwenyewe alikuwa zile spika. Wanubi humwandalia mgeni nyumba, na Hajati alikuwa ameiandaa hadi akaiacha uchi. Nasuru naye alikuwa amempa sauti iliyolazwa juu ya magodoro ya Théodore, yaliyokuwa yakimeza ukali wake wote.

Wakarudisha zulia. Wakatundika mapazia, kisha tabaga, vile vifuniko vya chakula vilivyosukwa kwa rangi kali. Nasuru akazisogeza spika mbali na ukuta na kuzigeuza kidogo, zisielekee moja kwa moja masikioni mwa mama.

Zamzam akaanza upya. Vigelegele vikaja. Hajati hakufinya macho. Alifungua kinywa, akavijibu.

Tangu siku hiyo Nasuru hauzi spika kabla ya kuiona sebule ya mteja. Sasa anajenga chumba cha kusikilizia nyuma ya karakana: sakafu ya saruji, paa la bati, mapazia ya kufungua na kufunga. "Mtu asikie nyumba yake, si duka langu," anasema.

Théodore amechukia, au anajifanya. "Ndugu, magodoro yangu yamekupa jina, leo unayakimbia? Wewe ni mutu mubaya!"

"Nitakuita siku ya kufungua. Njoo bila godoro."

Hajati amealikwa kuwa wa kwanza kukaa humo. Amekubali, ila ameshatoa masharti yake kwa simu.

"Nitakuja na Zamzam," alimwambia Nasuru, "na tabaga moja mkobani. Chumba chako kikinigombeza, nitakitundikia."